Tundu Nililomkataza Barasa Kutoboa

Nyuma ya ghala

Uamuzi ulifanyika juu ya kreti tupu la soda, nyuma ya ghala la mahindi nilikokuwa karani, mjini Nakuru, miaka michache baada ya uhuru. Ningeweza kukataa. Nilikubali, tena kwa furaha.

Niliporudi, ninyi wenzangu wa ghalani mliniuliza yaliyonipata, nikawajibu kwamba barabara ya Busia ilikuwa mbovu. Wengi wenu mmeshatangulia. Mliobaki nawaandikia sasa, kwa sababu barabara ile haikuwa na kosa lolote.

Mke wangu Amoit alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwaka uliotangulia alijifungua peke yake chumbani nikiwa kazini, na mtoto hakulia. Mara hii aliniomba kitu kimoja tu.

"Nataka mama yangu awe hapa," alisema. "Shangazi amsindikize kwa treni kutoka Malaba. Sitaki tena kufungua macho nione ukuta."

Nilikuwa tayari kuandika barua kwao Moding. Lakini kwanza nilimsimulia Barasa, dereva wa ghala letu na rafiki yangu, naye akacheka mpaka akaegemea magunia.

"Wewe una gari, halafu mama mkwe anabanwa kwenye behewa la daraja la tatu? Wateso watasema binti yao ameolewa na picha ya gari."

"Gari lenyewe unalijua. Halitapanda mlima wa Timboroa."

"Hiyo tutatibu."

Gari langu lilikuwa limeundwa kabla sijaanza shule. Ugonjwa wake ulikuwa baridi. Magari ya siku hizo za nyuma hayakuwa na themostati, yaani kile kidude cha shaba chenye mlango mdogo, ambacho huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kutosha. Langu lilizungusha maji tangu linapowashwa, kwa hiyo asubuhi za Nakuru lilikohoa, likanywa petroli, na kwenye milima lilikosa nguvu. Barasa alikuwa ametoa themostati ya kawaida kwenye lori lililokufa. Hapakuwa na mahali pa kuiweka katika injini yangu, basi tukaamua kuisukuma ndani ya mpira wa juu unaopeleka maji kwenye rejeta, tukaizungushia kipande cha bomba la shaba ili ikae sawa, na kuibana kwa klipu pande zote mbili.

Kabla hatujaisukuma ndani, Barasa alichukua msumari na nyundo.

"Tutoboe hapa ukingoni, tundu dogo tu. Hewa ipate pa kupitia."

Nilimshika mkono. Nilikuwa na elimu ya sekondari. Nilikuwa nimechora mashine nyingi kwenye daftari la fizikia na kupewa alama nzuri. "Mlango umewekwa ili ufunge," nilimwambia. "Ukitoboa tundu kando ya mlango, mlango ni wa nini?"

Aliuweka msumari mfukoni. "Sawa, Bwana karani. Wewe ndiye umesoma."

Kisha akalegeza mpira, akajaza maji kikombe kwa kikombe, akingoja kila mara, mpaka yakatoka yenyewe mdomoni mwa mpira. Sikumuuliza kwa nini anachelewa hivyo. Nilidhani ni uvivu.

Nakuru hadi Malaba

Niliondoka Jumatano alfajiri. Amoit alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno kwa mikono miwili. "Jumamosi usiku mtakuwa hapa?" aliuliza. Nikasema Jumamosi usiku.

Gari lilipanda kama lililozaliwa upya. Timboroa kulikuwa na ukungu na mvua ya mawe iliyoacha barabara nyeupe kama mtu amemwaga chumvi, nalo halikukohoa hata mara moja. Nilisimama kununua viazi vya kuchemsha kwa mwanamke mmoja aliyejifunika blanketi, nikafungua boneti ili niitazame kazi yangu. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Yule mama alitazama injini, akanitazama mimi, akaniuliza kama nahitaji chumvi.

Nililala Eldoret. Sijui kama mnajua upweke wa mtu anayeendesha siku nzima bila wa kusema naye, tena akiwa na jambo la kujisifia. Niliongea na usukani. Nilimweleza mama mkwe, ambaye nisingeweza kumweleza chochote ana kwa ana, jinsi themostati inavyofanya kazi.

Alhamisi mchana, karibu kabisa na Malaba, klipu moja ililegea na maji yakaanza kudondoka. Nilisimama palipoegeshwa malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva walikuwa wamekaa chini ya malori yao wakipika, na mataniboi, vijana wao wa kupakia mizigo, wakicheza bao kwa vijiwe. Dereva mmoja Mkamba, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alikuja kuchungulia.

"Boss, hii gari imefungwa bendeji shingoni. Nani ameipiga?"

"Ni themostati."

"Themo nani?"

"Themostati. Ya lori. Nimeibadilisha itoshe hapa."

Akawageukia wenzake. "Ati amevalisha mtoto suruali ya babake!"

Walicheka, nami nikakaza klipu kwa hasira na kuomba maji. Taniboi mmoja akaniletea debe. Niliyamimina upesi, nikitaka kuondoka machoni mwao. Nusu debe tu, rejeta ikajaa mpaka shingoni. Nilifurahi: kumbe maji yaliyopotea yalikuwa machache. Leo najua hayakuwa machache. Hewa ilikuwa imekaa ndani ya injini, mahali pa maji, nyuma ya mlango nilioukatalia tundu.

Mwanamke wa Kiganda aliyekuwa akiuza matoke kando ya barabara alinionea huruma. "Ssebo, njoo ukule. Hao wanacheka kila mtu." Nilikula matoke na maharagwe nimempa mgongo kila mtu.

Moding

Mama mkwe simtaji jina. Sikulitaja wakati ule na sitaanza leo. Kwetu Maragoli na kwao Teso desturi hii ilifanana: mwanamume hamkaribii mama wa mke wake, hamsemeshi, hamtazami usoni, wala hali chakula mbele yake. Ni heshima, si uadui. Kukiwa na neno, hupitia kwa mtu wa katikati.

Mtu wetu wa katikati alikuwa shangazi yake Amoit, mjane aitwaye Asamo, mwenye ulimi usiolala. Lakini nilipofika Moding, Asamo alikuwa kwenye matanga vijiji viwili mbali, na bila yeye safari isingewezekana. Basi niliwekwa katika kibanda cha wageni, nje kidogo ya boma, nikangoja.

Nilingoja Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa nzima. Chakula kililetwa na kuwekwa mlangoni kikiwa kimefunikwa: ugali wa wimbi na kunde zilizoungwa kwa karanga. Aliyeleta alikohoa kunijulisha, akaondoka. Jioni nilisikia sauti ya mama mkwe upande wa pili wa ghala la wimbi, akiimba huku akipepeta. Alikuwa na sauti ya Amoit, ile ile, ila nzito zaidi. Ilinijia hamu ya kutoka na kumwambia kwamba binti yake ananiomba niseme polepole usiku kwa sababu anaogopa. Nilikaa pale pale.

Asamo alirudi Ijumaa jioni. "Yoga, mkwe!" alinisalimu kwa Kiteso. "Nasikia umekuja na gari linavaa suruali ya babake." Habari ya madereva ilikuwa imefika kabla yake.

Njia ya Adungosi

Jumamosi asubuhi tulipakia. Leso mbili zilizoshonwa pamoja zilitundikwa nyuma ya viti vya mbele ziwe pazia. Mama mkwe aliingia nyuma nikiwa nimegeukia shamba, akiwa na kikapu na kuku mweupe wa kumpikia mzazi. Asamo alikaa mbele nami. Alisema mama mkwe anataka tupitie Busia, kwa sababu sokoni kuna samaki wakavu wa kutoka Osieko, ziwani, na supu yao ndiyo huleta maziwa kwa mwanamke aliyejifungua. Kutoka Busia tungeshika njia ya Kisumu. Ulikuwa mpango mzuri, na nusu siku tu ya ziada, ingawa sasa tungefika Jumapili badala ya Jumamosi usiku.

Tulipopita Malaba injini ilianza kugonga, na kulikuwa na harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Gari halikuwa na mshale wa joto. Nilisimama, nikaweka kiganja kwenye rejeta. Ilikuwa baridi kama mtungi.

"Haijapata moto," nilimwambia Asamo. "Ni petroli mbaya tu."

Tukaendelea. Karibu na Adungosi mvuke ulianza kutoka kwenye ule mpira niliokuwa nimeubana, nao ulikuwa umevimba kama shavu la mpiga tarumbeta. Nilisimama tena, nikashika rejeta. Bado baridi. Nilikuna kichwa. Katika daftari langu la fizikia hapakuwa na injini inayochemka huku rejeta yake ikiwa baridi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya leso, kwa Kiswahili, taratibu. Hakuwa akisema nami. Alisema na kuku.

"Kuku, wewe umekaa jikoni kwangu. Umeona nikipika ajono, pombe yetu ya wimbi, nafunika chungu, naziba mdomo na udongo. Lakini mimi naacha tundu, hata kama ni ya kijiti. Nisipoacha, chini inachemka, juu iko baridi, halafu chungu inapasuka. Kuku, hii gari iko na tundu?"

Asamo alipiga makofi kwa kicheko. "Mkwe, umesikia kuku anauliza nini?"

Ilikuwa heshima kubwa. Mama yule alikuwa ametafuta njia ya kunisaidia bila kuvunja mwiko. Nilichopaswa kufanya ni kunyamaza na kulegeza klipu. Badala yake nilimkumbuka yule dereva Mkamba na mataniboi, nikamkumbuka Barasa na msumari wake, na sasa chungu cha pombe. Niligeuka. Niligeuka kabisa, uso ukaielekea leso, nikasema mwenyewe, si kwa kupitia mtu:

"Mwambieni kuku hii ni mashine, si chungu cha walevi. Na kuku hajasoma."

Mshono wa leso ulikuwa umeachana kidogo katikati. Niliona jicho moja. Lilikuwa jicho la Amoit.

"Mkwe," Asamo alisema, na hakukuwa tena na kicheko, "geuza uso wako."

Niligeuza. Nikashuka, nikautoa mpira kwa nguvu, na mvuke ulipokwisha nilichota maji ya mtaroni kwa kopo, nikayamwaga moja kwa moja ndani ya injini iliyokuwa ikiungua. Ilisema *tek*. Mlio mdogo tu, kama mtu anayevunja ukuni. Hata mimi nilijua maana yake: kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka.

Asamo alimsimamisha kijana wa baiskeli, mmoja wa wale waliokuwa wakibeba watu mpakani, akapanda nyuma kwenda kutafuta fundi Busia. Tukabaki wawili, watu wasioruhusiwa kubaki wawili. Niliondoka garini, nikaenda mbali, mpaka kwenye upenu wa duka lililofungwa, nikakaa nikiwa nimegeukia ukuta. Mvua ikaja. Sikuweza kwenda kumfungia dirisha.

Mkulima mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mihogo alisimama kujikinga pamoja nami.

"Mzee, mbona umeacha mama yako kwa gari na mvua?"

"Si mama yangu."

"Bibi yako?"

"Mama mkwe."

"Aa!" Akaegemeza baiskeli yake ukutani. "Basi kaa hapo hapo."

Aliponipa muhogo wa kuchoma niliushika tu mkononi. Tulikaa hivyo, yeye akila, mpaka mvua ikapita naye akaenda zake. Kisha nilikaa peke yangu kwa muda wa karibu saa tatu, nikitazama ukuta uliopakwa chokaa. Nilimfikiria Amoit na ukuta wake.

Busia

Asamo alirudi na fundi, ndani ya lori dogo lililotuvuta mpaka Busia. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko. Alitoa themostati yangu, akaipulizia, akaitazama dhidi ya mwanga.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Hewa ingetokea wapi?" Akachukua msumari, akapiga mara moja ukingoni. Tundu likapatikana, dogo kuliko punje ya mtama. "Sasa iko sawa. Lakini kichwa imepasuka. Nyingine itatoka Kisumu, labda wiki mbili."

Sokoni, Asamo alinivuta kando. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa safu za samaki, mgongo wake kwetu, akichagua. Alichagua kwa makini, akimnusa kila mmoja, kana kwamba safari bado ipo.

"Mkwe, sikiliza vizuri. Yeye hana hasira. Lakini umemtazama na umemjibu. Hawezi kulala chini ya paa lako mpaka hiyo neno ioshwe. Akiingia hivyo, mtoto ndiye ataumia. Hiyo tunaamini, na ninyi pia mnaamini."

"Najua."

"Njia iko moja. Rudi na sisi Moding leo. Kesho utakaa na wazee, utasema nilikosa. Mbuzi mimi natoa, nitamtoa zizini kwangu. Jumatatu tunapanda treni sisi wote. Siku mbili tu."

Ningejibu ndiyo, haya nisingeyaandika. Lakini nilijiona nikishuka Malaba kwa miguu mbele ya malori yale yale. Nilijiona nimeketi chini mbele ya wazee wa Moding, mimi mwenye elimu, nikikiri kwamba mpika pombe aliijua injini kuliko mimi. Nikamwambia Asamo kwamba Jumatatu nahitajika kazini.

"Kazini," Asamo alirudia.

Alikwenda kusema na mwenzake, akarudi na kile kikapu. Ndani mlikuwa na samaki waliofungwa kwa majani makavu ya migomba, na juu yao yule kuku mweupe, miguu imefungwa.

"Amesema umpe Amoit. Na amesema umwambie kwamba yeye alifika Busia."

Niliwaona wakiondoka juu ya baiskeli mbili kuelekea barabara ya Malaba. Mama mkwe alikaa upande upande juu ya kibebeo, amenyooka, leso mbili za gari akiwa amejifunika mabegani. Hakugeuka. Hakuruhusiwa.

Kurudi

Nililala Busia, nikapanda basi la Kisumu Jumapili, na lingine la Nakuru Jumatatu. Kuku alikaa miguuni pangu. Abiria mmoja aliuliza kama namuuza.

Nilifika Jumatatu jioni. Amoit alikuwa kitandani. Alikuwa amejifungua Jumapili kabla ya mapambazuko, siku zake zikiwa bado hazijatimia. Jirani alifika baada ya mtoto kulia. Alikuwa msichana, mzima, mdogo kama mkate. Amoit hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, mlangoni, akaendelea kutazama hata baada ya mimi kuufunga.

"Yuko wapi?"

Nilimpa kikapu. Nikamwambia gari liliharibika. Alifungua majani, harufu ya samaki ikajaa chumba, akaegemeza kichwa ukutani.

"Alisema nini?"

"Alisema nikuambie alifika Busia."

Sikumweleza mengine. Asamo ndiye aliyemweleza, miezi saba baadaye, alipokuja kutuarifu kwamba mama mkwe ameugua siku nne na kufariki. Hakuwa amemwona mjukuu wake. Lile neno halikuwa limeoshwa, kwa hiyo hakuweza kuja kwetu, wala mtoto kupelekwa kwake. Nami nilikuwa nikiahidi kila mwezi kwenda Moding, na kila mwezi nikipata kazi.

Amoit alikwenda mazishini na mtoto mgongoni. Kabla ya kupanda treni aliniuliza swali moja. "Ulimwambia hajasoma?" Nikasema nilimwambia kuku. Akapanda.

Gari lilipona. Lilinihudumia miaka sita zaidi, na ile themostati yenye tundu la msumari haikunisumbua tena, wala Timboroa wala bondeni. Barasa, kama bado uko hai unasoma, wewe hukukosa.

Mimi nilikubali kumleta kwa gari mtu ambaye Amoit alitaka aje kwa treni, nikakataa tundu, nikakataa siku mbili. Amoit hakurudi. Binti yangu alikulia Moding, akaolewa huko, na sikuitwa. Ninaishi peke yangu tangu siku ile ya treni, na kila asubuhi kitu cha kwanza ninachokiona ni ukuta.